Mpira mzito wa watu wawili: nusu ya zoezi iko kwenye kudaka

#1 Kiuno Imara (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kuna picha ambayo kila anayezunguka viwanja vya mazoezi ataitambua. Wachezaji wawili wamekaa chini wakitazamana, nyayo zimegusana, mpira mzito wa mazoezi (medicine ball) uko kati yao. Wanarushiana huku wakipiga sitapu, kocha anahesabu mpaka 30. Wakifika rudio la 12 anayerusha anatumia mikono peke yake, na anayepokea ananyoosha tu mikono kisha anauacha mpira umlaze chali. Jasho linatoka, pumzi zinapanda, kila mmoja anaondoka akiamini tumbo limefanya kazi. Mimi nilifundisha hivyo kwa misimu mitatu. Naandika uzi huu kwa sababu sitaki kocha mwingine apoteze muda wa vijana wake kama nilivyopoteza wa vijana wangu.

Hoja yangu ni hii: zoezi la mpira mzito la watu wawili lina nusu mbili, kurusha na kudaka. Kurusha tunafundisha. Kudaka tunaacha kujiendee kwenyewe, na huko ndiko misuli ya katikati ya mwili inakofanya kazi iliyoumbiwa.

Nikisema katikati ya mwili simaanishi siksipaki. Ule msuli wa mbele unaoonekana ni mmoja tu. Ubavuni kuna misuli ya mshazari, ya nje na ya ndani, inayopishana kama miyaa ya mkeka. Chini yake kuna msuli unaolizunguka tumbo kama mkanda. Nyuma kuna misuli mirefu inayousimamisha mgongo, na mingine midogo inayoshika pingili moja na nyingine. Juu kuna kiwambo kinachovuta pumzi, chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Vyote vikikaza kwa pamoja unapata kitu kama mtungi uliojaa hewa, haubonyei. Makalio nayo nayahesabu humo, maana ndiyo yanayoshika fupanyonga lisiyumbe, na fupanyonga likiyumba hakuna tumbo litakalookoa jahazi.

Mwaka 1996 watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha jambo ambalo lilibadilisha namna ninavyofikiri. Mtu mwenye mgongo mzima akiinua mkono ghafla, ule msuli wa mkanda hujikaza kabla msuli wa bega haujaanza kazi. Kwa wenye maumivu ya mgongo wa chini, msuli huo ulichelewa. Maana yake mwili hujenga msingi kwanza, mkono unafuata. Kwa hiyo tunachotaka kumfundisha mwanamichezo si nguvu peke yake. Tunataka akaze kwa wakati, mara moja, bila kufikiria, halafu alegee tena.

Sasa hapo ndipo mwenza anapokuwa na thamani. Ukinyanyua chuma, unajua uzito ulipo na utakapokwenda. Mpira unaorushwa na binadamu mwenzako unakuja juu kidogo, chini kidogo, pembeni kidogo, una kasi leo na hauna kesho. Uwanjani ndivyo mambo yalivyo. Mpinzani akikugonga bega hakuambii "jiandae".

Karibuni tujadili. Mazoezi yenyewe nitayaweka hapo chini.

#2 Mlinda Mlango

Kocha, umenigusa. Hiyo sitapu ya kurushiana tunaifanya kila wiki. Shusha mazoezi basi. Nina wachezaji 18 na mipira 5 ya kilo 3. Naomba pia uanzie mbali, wengine ndio kwanza wanashika mpira huo.

#3 Kiuno Imara

Mlinda Mlango, kwa hao wapya anza na zoezi lisilo na kurusha kabisa. Nalipenda kuliko yote na ndilo ninaloliona likifanywa kwa nadra zaidi.

Mchezaji wa kwanza asimame, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, ashike mpira kwa mikono miwili mbele ya kifua kisha anyooshe mikono. Mwenzake asimame mbele na aanze kuusukuma mpira kwa kiganja: kushoto, juu, kulia, chini, kulia tena. Asitangaze. Asukume kidogo kidogo, kwa nguvu ya kumtikisa bila kumwangusha. Kazi ya mwenye mpira ni kuuzuia usitoke katikati ya kifua. Sekunde 10 zinatosha, kisha wabadilishane. Mara 3 au 4 kila mmoja. Utaona kitu: wiki ya kwanza mabega yanapanda masikioni na pumzi imezibwa. Wiki ya tatu uso umetulia, anapumua, na mpira hauendi popote. Hayo ni maendeleo ya kweli hata kama hakuna kipimo cha kuyaandika kwenye daftari.

Baada ya hapo ndipo kurushiana kuanze, na kuanze goti likiwa chini. Wapige goti moja wakitazamana, umbali wa mita 3 hivi. Kalio la upande wa goti lililo chini likazwe kweli kweli, ukiligusa liwe gumu. Mpira utoke kifuani kwa mikono miwili, uende kwenye kifua cha mwenzake. Wakizoea, mrushaji aanze kuulenga kwenye bega moja, mara la kulia, mara la kushoto. Mdakaji haruhusiwi kuyumba wala kugusa chini kwa mkono. Sababu ya kupiga goti ni kwamba ukisimama, miguu inasaidia kuficha udhaifu: unapiga hatua ndogo nyuma na hakuna anayegundua. Ukiwa umepiga goti, kiuno kikikosa nguvu kinaonekana papo hapo.

La tatu ni la kurusha kwa upande, nalo ndilo lenye utamu kwa warushaji, mabondia, wacheza tenisi na kila anayegeuka ili kupiga. Unasimama ubavu ukiwa umeelekea kwa mwenzako. Mpira upo usawa wa nyonga ya mbali. Uzito wote upo kwenye mguu wa nyuma. Unaisukuma ardhi kwa mguu huo, nyonga inageuka, kifua kinafuata, mikono inakuja mwisho. Wengi huanza na mikono, ndiyo maana mpira wao hautoki kwa kishindo. Sikilizeni pia mguu wa nyuma: kisigino kisiponyanyuka, nyonga haijageuka, na kama nyonga haijageuka mgongo wa chini ndio uliolipa.

Na sasa kudaka kwake, ambako ndiko nimeanzishia uzi. Mwenzako akirudisha mpira, usiuzuie mbele yako. Udake, uende nao mpaka nyonga ya nyuma, ukae juu ya ule mguu, kisha papo hapo urushe tena. Ile njia uliyopita kwenda ndiyo unayopita kurudi. Misuli na kano zikinyooshwa kwa haraka huhifadhi nguvu kama mpira wa manati, na ukichelewa nguvu hiyo inapotea. Mkufunzi wa Kisovieti Yuri Verkhoshansky ndiye aliyeifanyia kazi sana kanuni hiyo kuanzia miaka ya 1960, hasa kwa kuruka. Kwa mikono na kiwiliwili mpira mzito unafanya kazi ile ile.

Marudio: 6 hadi 8 kila upande, seti 3, pumzika dakika moja na nusu au mbili. Msiende 30. Hili tutalirudia.

Kuhusu watu 18 na mipira 5, wapange makundi matano, matatu ya watu wanne na mawili ya watatu. Wawili wanafanya, wanaobaki wanapumzika na kuangalia makosa. Anayeangalia hujifunza sana, mpe kazi ya kutazama kitu kimoja tu, kwa mfano kisigino cha nyuma.

#4 Mrusha Mkuki

Mtoa mada, mengi nakubaliana nawe lakini mimi na mwenzangu tunatumia mpira wa kilo 8 na tumeona nguvu inaongezeka. Mpira wa kilo 3 ni wa watoto. Misuli haikui bila mzigo.

#5 Kiuno Imara

Mrusha Mkuki, misuli haikui bila mzigo, sawa. Lakini tujiulize mzigo huo wa nini. Mkuki wa wanaume una gramu 800, wa wanawake 600. Unarusha kitu chepesi kwa kasi kubwa sana. Ukishika kilo 8, jaribu kumwomba mtu akurekodi kwa simu halafu tazama taratibu. Nadhani utaona mambo mawili: mpira unaanza safari polepole, na kabla haujatoka mkononi umeinama nyuma au umepinda ubavu ili kuusaidia. Huo si mwendo wako wa uwanjani. Nguvu ya mzigo mkubwa ipate kwenye chuma, kwa skwati na kunyanyua kutoka chini, huko mzigo ndiko unakokaa vizuri. Mpira mzito ni chombo cha kasi.

Kipimo changu hakina hesabu: mpira ukipoteza kasi kati ya rudio la kwanza na la sita, ama ni mzito mno ama umechoka. Kwa watu wazima waliokwisha kuzoea, kilo 3 hadi 5 kwa kurusha kwa upande, kilo 2 hadi 3 kwa kurusha juu ya kichwa. Mtupa tufe anaweza kwenda juu ya hapo, tufe lake la wanaume lenyewe lina kilo 7.26. Wewe wa mkuki huna sababu.

Na kuna suala la anayedaka, ambalo nakuomba ulifikirie kwa uzito kwa sababu limenikuta. Mpira wa kilo 4 unaokuja kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde una nishati ya mwendo ya jouli 50. Ukiusimamisha ndani ya sentimita 10, yaani ukidaka kwa mikono migumu, mikono yako inabeba kwa wastani kani ya nyutoni 500, karibu sawa na uzito wa kilo 50. Ukiusimamisha ndani ya nusu mita, ukienda nao, kani inashuka hadi nyutoni 100, kama kilo 10. Mpira ni ule ule, kasi ni ile ile. Tofauti yote iko kwenye njia uliyoupa mpira ya kufia. Ukiweka kilo 8, zidisha mara mbili.

Msimu mmoja niliwapanga pamoja kijana mwenye nguvu na mwingine mdogo wake kwa miaka miwili, nikawapa mpira mmoja, nikageuka kuhudumia kundi lingine. Yule mkubwa alirusha kwa moyo wote kama nilivyomfundisha. Mdogo alinyoosha mikono, vidole vimeelekea mbele, na mpira ukampiga kwenye ncha ya kidole cha pete. Kiungo kilivimba, akakaa nje wiki tano. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemfundisha kudaka na nilimpa mwenza asiyelingana naye. Tangu siku ile hakuna anayerusha kwangu kabla hajadaka mipira 20 myepesi huku nikimtazama: vidole vimeelekea juu, viganja vimetazama mpira, viwiko vimelegea, na neno "tayari" limesemwa kwa sauti na anayepokea.

#6 Tabibu wa Viungo

Habari wakuu. Mimi natibu wanamichezo, naomba kuongeza jambo kwenye kile alichosema mtoa mada kuhusu nyonga na mgongo wa chini, maana ndicho kinachojaza wagonjwa kwenye chumba changu.

Pingili za kiuno ni 5. Jinsi viungo vyake vya nyuma vilivyokaa, haviruhusu kuzunguka. Kila pingili huzunguka juu ya mwenzake nyuzi 1 hadi 3 tu. Zote kwa pamoja hazifiki mbali, ni kama nyuzi 5 hadi 15 kila upande. Pingili 12 za kifuani zinazunguka zaidi ya mara mbili ya hapo, na nyonga nazo zina mzunguko wake mkubwa. Kwa hiyo mwanamichezo anapogeuka kurusha, mzunguko unatakiwa utoke kwenye nyonga na kifuani, na kiuno kiwe daraja lililotulia katikati. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyetumia maisha yake kupima mgongo, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kazi kubwa ya misuli hii ni kuzuia mwendo usiotakiwa na kupitisha nguvu.

Sasa chukueni lile zoezi maarufu la kukaa chini, miguu imenyanyuliwa, mnazungusha mpira kulia na kushoto na kumpasia mwenzako aliye ubavuni. Ukikaa hivyo, nyonga zimefungwa. Fupanyonga haligeuki. Kifua cha watu wengi kimekakamaa kwa sababu ya kukaa kutwa nzima. Mzunguko uende wapi? Unaenda kiunoni, tena mgongo ukiwa umejikunja, halafu mpira mzito unakuja na kasi juu yake. Sisemi mtu atavunjika leo. Nasema kwa mwanamichezo mwenye historia ya mgongo, hilo si zoezi la kumpa. Msimamisheni, au apige goti, apate nyonga zake.

La pili ni kwa makocha wa vijana wa miaka 12 hadi 18. Kuna kijisehemu chembamba cha mfupa nyuma ya pingili ambacho kwa umri huo hupata ufa wa uchovu, mara nyingi kwenye pingili ya 5 ya kiuno. Huletwa na kupinda nyuma na kugeuka kwa kurudiarudia. Warusha mkuki, wacheza sarakasi za michezo na warusha mpira wa kasi wa kriketi wamo sana kwenye kundi hili. Dalili ni maumivu ya chini ya mgongo, mara nyingi upande mmoja, yanayozidi akijipinda nyuma au akisimama mguu mmoja na kujipinda. Kijana akikwambia hivyo, kurusha juu ya kichwa kusimame siku hiyo hiyo na apelekwe akaonwe. Usimwambie akaze tumbo aendelee.

#7 Mrusha Mkuki

Nimejirekodi jana kama mlivyosema. Kwa kilo 8 kiuno changu kinapinda nyuma mapema kabisa, kabla hata kifua hakijageuka. Kwa kilo 3 hakipindi. Sikujua. Nimeanza na kilo 3, na namshukuru Tabibu kwa ufafanuzi, mimi mwenyewe nina maumivu ya upande wa kushoto tangu mwaka jana. Nitakwenda kuonwa.

Swali: kurusha juu ya kichwa basi niache kabisa?

#8 Tabibu wa Viungo

Mpaka uonwe, ndiyo, acha. Yale ya kusukumwa mpira na ya kupiga goti endelea nayo ikiwa hayakuumizi. Ukiruhusiwa kurudi, anza umepiga goti moja, kwa sababu kalio la upande ule likikazwa linazuia fupanyonga kuinama mbele, na mgongo haupati nafasi ya kujipinda sana.

#9 Mpenda Historia

Niingize kidogo jambo la pembeni. Kurushiana mpira mzito kulishawahi kuwa mchezo kamili wa rais. Herbert Hoover wa Marekani alipoingia madarakani mwaka 1929, daktari wake Joel Boone alibuni mchezo wa kumfanya asinenepe. Mpira wa ratili 6, karibu kilo 2.7, unarushwa juu ya wavu wenye kimo cha futi 8, pointi zinahesabiwa kama tenisi. Hakuna kuupiga, ni kuudaka na kuurusha kutoka pale pale ulipoudakia. Walicheza asubuhi saa moja kwenye uwanja wa Ikulu ya Marekani, na mchezo ukaitwa Hooverball. Naona unaunga mkono hoja ya mtoa mada, maana asiyejua kudaka hapo anapoteza pointi.

#10 Kiuno Imara

Mpenda Historia, asante sana kwa hilo. Nimewahi kuwapa vijana mchezo unaofanana na huo mwisho wa wiki, kamba badala ya wavu na mpira wa kilo 2. Walicheza dakika 20 bila kuuliza saa ngapi tunamaliza. Ila mchezo wa kushindana unakuja baada ya ufundi kukaa. Wakianza kushindana mapema, kila mmoja anadaka vyovyote ilimradi mpira usianguke.

#11 Mgeni wa Gym

Samahani wakuu, mimi nafanya mazoezi peke yangu. Ukuta hauwezi kuchukua nafasi ya mwenza?

#12 Kiuno Imara

Unaweza kuchukua sehemu. Ukuta ni mzuri kwa kujenga kasi ya kurusha kwa sababu hauumii, unaweza kurusha kwa nguvu zote bila kumwonea huruma mtu. Kasoro yake ni kwamba unakurudishia kile kile ulichoutumia. Baada ya marudio mawili mwili unajua mpira utafika wapi na lini, na kukaza kwa ghafla kunakuwa mazoea ya wimbo. Kama huna mtu, badilisha umbali na pembe kila rudio, simama mguu mmoja, piga goti. Angalia pia aina ya mpira: wa raba hurudi kwa kishindo, usisimame nao karibu na uso. Ule wa kitambaa au ngozi laini hufia ukutani, na ule mzito uliojazwa mchanga ni wa kupiga chini, si wa kudaka.

#13 Mama wa Mbio

Kocha, mimi nina binti wa miaka 13, anakimbia mita 800. Kocha wake amewaanzishia mpira mzito. Mkimbiaji anahitaji kweli kugeuka na kurusha? Halafu amepangwa na msichana aliyemzidi kichwa kizima, nikisoma habari za yule kijana wa kidole naogopa.

#14 Kiuno Imara

Dada, una haki ya kuogopa, na nakusihi uzungumze na kocha wake kwa upole. Mwambie abadilishwe mwenza, au huyo mkubwa ausukume mpira kutoka chini ya kiuno badala ya kurusha kutoka kifuani. Kwa umri wake kilo 1 hadi 2 inatosha kabisa. Mwenza mzuri ni yule mnayelingana urefu wa mikono na kasi ya kurusha. Umri na urafiki haviangaliwi hapo.

Kuhusu mkimbiaji, tazama anavyokimbia kwa nyuma. Mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto nao unakwenda mbele. Fupanyonga linageuka huku, mabega yanageuka kule. Katikati kuna misuli inayozuia mgeuko huo usizidi, kila hatua, kwa mamia ya hatua kwenye mita 800. Akichoka mita 200 za mwisho utaona mabega yameanza kuzunguka na nyonga inadondoka upande mmoja. Kwa hiyo yeye hahitaji sana kurusha kwa kishindo. Anahitaji kudaka bila kugeuka. Mazoezi yake ni haya mawili: lile la kusukumwa mpira, na lingine asimame mguu mmoja, mwenzake amrushie mpira mwepesi mara kulia mara kushoto kwake, audake, atulie sekunde moja nyonga zikiwa sawa, kisha aurudishe. Mara 5 kila mguu. Ile sekunde moja ya kutulia ndiyo yenyewe, kocha asiikubali ifutwe.

Kuna na la kulala chali kwa wote. Mwanamichezo amelala, magoti na nyonga vimekunjwa nyuzi 90 hewani, ameshika mpira juu ya kifua kwa mikono iliyonyooka. Anateremsha mguu mmoja taratibu, na mwenzake wakati huo huo anausukuma mpira pembeni kidogo. Mgongo wa chini usinyanyuke. Mwenza anaweza kuweka vidole chini ya kiuno chake kabla ya kuanza: vidole vikipata nafasi ya kutoka, mguu umeteremka kupita kiasi.

#15 Mlinda Mlango

Wakuu, narudi na mrejesho wa wiki ya nne. Makundi ya watu watatu na wanne yamefanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, wanasahihishana wenyewe. Beki wangu wa kulia alikuwa harushi mbali kabisa, sasa mpira wake wa kurusha unafika kwenye boksi. Alikuwa anautoa kwa mikono tu.

Maswali mawili ya mwisho. Niwafanyishe saa ngapi, kabla au baada ya mazoezi ya mpira? Na sitapu ya kurushiana niitupe?

#16 Kiuno Imara

Hongera sana. Kwa huyo beki, kumbuka sheria ya 15 ya mpira wa miguu: sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari au nje yake, imegusa chini, mikono miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake. Akizoea kurusha mazoezini huku mguu wa nyuma umeruka hewani, mwamuzi atampigia filimbi. Mfundishe kuburuta vidole vya mguu wa nyuma.

Muda: mara tu baada ya kupasha mwili joto, kabla ya kuchoka, dakika 12 hadi 15, mara mbili kwa wiki na siku mbili kati yake. Ukiyaweka mwisho, miguu imekufa na kila kurusha kutatoka mgongoni. Siku moja kabla ya mechi usirushe chochote, fanya la kusukumwa mpira peke yake ikiwa lazima. Pumzi itoke mpira unapotoka, kwa sauti ya "hss" fupi, na wakati wa kudaka tumbo likaze kama vile kuna mtu anayetaka kukudunga kidole.

Sitapu ya kurushiana usiitupe kwa walio na migongo mizima, ina nafasi yake kwa mtu anayehitaji kujikunja mbele kwa kasi, na mrusha mpira wa pembeni ni mmoja wao. Ila ipunguze iwe marudio 6. Mdakaji aupokee mpira juu ya paji la uso, ashuke nao taratibu kwa hesabu ya mbili akiuzuia usimwangushe, mgongo ukigusa chini apande na kurusha. Anayeanguka chali ghafla amemaliza seti yake, hata kama ni rudio la tatu.

#17 Mlinda Mlango

Nimeelewa kocha. Kesho nawaanzishia hiyo hesabu ya mbili. Kipa wangu yeye ni wa mkono wa kushoto, anarusha vizuri upande mmoja tu.

#18 Kiuno Imara

Aanze na ule upande mbovu kila siku ya mazoezi, akiwa bado hajachoka, na umwongezee seti moja upande huo tu. Baada ya wiki sita mpime: apige goti, arushe kwa upande mpira wa kilo 3, upime kwa futi mahali unapoangukia, kulia mara 3 na kushoto mara 3, uandike la mbali zaidi kila upande. Ukipata namba lete hapa.